Mzigo Mwepesi wa Unyanyembe

Njia iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo na kuingia Unyanyembe kabla ya kuteremka Ujiji, ilikwenda kwa mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili, kiasi cha kilo 32, mbali na chungu chake na mkeka wake. Kwa hivyo kila kilichofika Tabora kilikuwa kimekwisha kupimwa begani: merikani, masango ya shaba, ushanga. Ushanga huo Venice ulikuwa kitu cha bei rahisi, lakini bara uliweza kumlaza tajiri na njaa, kwani wenyeji wakitaka mwekundu, mwenye shehena ya mweusi alikuwa hana kitu. Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, ameyaorodhesha majina ya shanga hadi msomaji wa leo anachoka. Mwenye msafara hakuwa na ruhusa ya kuchoka.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mabega yakapumzika. Vitu vidogo havikuacha kupanda bara. Siku hizi hupanda vispika kutoka China, vinavyopitia Kariakoo na kusafiri kwa basi hadi kwenye vibanda vya mji ule. Kispika chenyewe hakina sifa yoyote. Ni kopo la plastiki lenye ukubwa wa kikombe, lina betri ya kuchaji na tundu la kadi, na hupokea sauti ya simu bila ya waya. Besi yake ni kikohozi. Ukipandisha sauti hukwaruza.

Yuko mzee mmoja, mrina asali, anayekipenda kuliko chombo chochote cha nyumbani mwake. Msimu ukifika huingia misitu ya miombo upande wa Sikonge, akakaa kambini wiki kadhaa kwa ajili ya mizinga yake ya magome. Kabla ya safari hupita kwa kijana wa kibandani anayeingiza nyimbo kwenye kadi, akamtajia anazozitaka: za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, alizozisikia ujanani kupitia Radio Tanzania.

Mwanawe, aliyeko Dar es Salaam, alimletea sabufa, sanduku zito lenye taa za rangi. Mzee alishukuru, akaliweka sebuleni, akalifunika kwa kitambaa.

“Baba, mbona hulipigi?”

“Mwanangu, hilo nikienda porini litakaa na nani?”

Kijana alidhani baba anahofia wezi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tokea sanduku liingie, mkewe mzee haendi msibani bila ya kuacha mtu nyumbani. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kamba sasa una kufuli, na jirani aliyezoea kuingia moja kwa moja hadi uani, siku hizi husimama nje akapiga hodi.

Kispika hakijamdai mzee lolote la namna hiyo. Hutundikwa tawini, kikapata masizi na asali. Wenzake hukiazima hadi upande wa pili wa kambi, na kikirudi kimepasuka pembe hapana ugomvi. Kikifa, hununuliwa kingine, na hakuna anayekiomboleza.

Ipo lawama, na si ndogo. Wapagazi waliimba wenyewe. Ngoma ilitangulia pamoja na kiongozi, na msafara mzima ukaitikia. Kispika huimba, watu wakanyamaza. Mzee anaijua lawama hiyo, kwani vijana wa kambini huanza kusinzia wimbo wa pili haujesha.

Ila betri yake ni duni kama yeye mwenyewe kispika. Aghalabu hufa usiku, katikati ya ubeti, kukiwa na moto tu na milio ya wadudu. Hapo mzee hupokea pale sauti ilipokatikia. Mmoja humsahihisha neno, mwingine hukataa kuwa neno ni hilo, na waliokuwa wamelala huamka kuamua.