Pesa ya mjomba imefika nchi gani?

Tangu benki zifungwe hapa Goma mwanzoni mwa 2025, mjomba wangu aliye Ubelgiji hunitumia pesa kwa namba ya Rwanda, ile inayoanza na 250. Navuka mpaka, naitoa Gisenyi, narudi kulala kwetu.

Juzi akapiga simu: “Mpwa wangu, karatasi inasema nimetuma Rwanda. Umehamia huko?” Sijahama, mjomba.

Kumbe katika Umoja wa Ulaya, kuanzia 1 Januari 2024, kampuni za malipo hutazama namba ya akaunti ili kujua nchi ya mtumaji na ya mpokeaji. Unapolala hapaulizwi. Na kampuni ikimpelekea mtu mmoja malipo zaidi ya 25 nje ya nchi kwa miezi mitatu, inaripoti kwa watu wa kodi. Wanatafuta wafanyabiashara wanaokwepa kodi.

Nilishtuka kidogo, maana majirani watatu waliokimbia Sake nao wanapokelea kwenye namba yangu. Hatujafika 25, lakini tumeanza daftari: nani ametuma, pesa ni ya nani, tarehe gani.

Mama mmoja akaniuliza kama watoto wake nao wamehesabiwa Rwanda. Nikamwambia: pesa tu, mama.