Barua kutoka Minnesota: Binti Amedisko, Tukae Chini

Baba Mdogo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Nimesikia habari ya paini za Kinyanambo ulizoziuza zikiwa changa ili binti aende chuo Mbeya, na nimesikia uliposema asikanyage Mafinga mpaka awe na cheti mkononi. Hasira yako naielewa. Paini ikikatwa kabla ya wakati wake, mnunuzi wa mbao ndiye anayepanga bei, na wewe uliikubali bei hiyo kwa ajili ya mtoto. Ila hiyo kauli ya pili naomba uirudishe. Naandika gazetini kwa ruhusa ya binti mwenyewe, maana toka Tukuyu mpaka Kilolo ziko nyumba nyingi zenye jambo hili, na nyingi zimelifungia chumbani.

Mtaani wakisikia mtoto wa fulani kafukuzwa chuo, wanawaza mimba, wizi, ulevi. Hapa hakuna hata kimoja. Alifeli. Mwaka wa kwanza wa uhasibu ulimwachia masomo ya kurudia, akafanya sapu Septemba, hesabu za biashara na takwimu zikamkatalia tena, wastani wake ukabaki chini ya 2.0 na Seneti ya chuo ikamsitisha masomo. Amedisko, kama wanavyosema wenzake.

Baada ya hapo akanyamaza. Akabaki kwenye chumba chake cha kupanga kule Ilomba, asubuhi anakwenda Mwanjelwa kumsaidia mama mmoja kuuza mitumba, jioni anakupigia simu na kukusimulia vipindi ambavyo havikuwepo. Mimi hilo ndilo limeniuma kuliko matokeo, na sababu yangu ni ya kalenda kabisa. Rufaa ina siku zake, zikipita zimepita. Dirisha la udahili hufunguliwa katikati ya mwaka, na mwanafunzi ambaye hatima yake imejulikana baada ya sapu anabaki na muda mfupi sana wa kuomba pengine kabla halijafungwa. Binti yetu alikuwa na wiki chache za kuamua, akazitumia zote kutafuta namna ya kukuficha. Na alikuficha kwa sababu alijua utasema haya haya uliyoyasema kwenye simu.

Ngoja nikueleze ninachokiona huku. Nafanya kazi Saint Paul, kwenye dawati la kupokea wanafunzi katika chuo cha jamii. Hivi ni vyuo vya miaka miwili, vimetapakaa Marekani nzima. Karibu kila mwenye cheti cha sekondari anapokelewa, ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na masomo mengi anayofaulu mtu anaweza kuhama nayo kwenda chuo kikuu baadaye. Januari muhula ukianza wanakuja waliosimamishwa na vyuo vikuu Desemba. Huku nako mpaka wa kawaida ni 2.0. Ukishuka chini yake unawekwa kwanza kwenye uangalizi, usipopanda unasimamishwa, mara nyingi kwa mwaka mzima, kisha unaomba kurudi.

Anayetaka kurudishiwa msaada wa fedha wa serikali anaandika rufaa. Kanuni ya serikali kuu inamtaka aeleze mambo mawili: kwa nini masomo yalimshinda, na nini kimebadilika hata safari hii aweze. Swali la kwanza watu wanalijaza pale pale, kalamu haisimami. Mama aliugua, nilikuwa nafanya kazi usiku, nilichukua masomo mengi mno. Kalamu inasimama kwenye la pili. Majira haya ya baridi alikuja dereva wa basi la mji, mtu mzima, akakaa mbele yangu na koti lake mwilini, theluji inayeyuka chini ya viatu vyake. Akaandika kwamba atajitahidi zaidi. Akaisoma, akaikata kwa mstari mmoja, akaniomba fomu nyingine akaondoka nayo. Alipoirudisha, ilikuwa imeandikwa kwamba amehamishiwa zamu ya asubuhi, barua ya msimamizi wake imebanwa kwa nyuma, na anaomba kusoma masomo mawili badala ya manne. Kamati ilimkubalia.

Baba Mdogo, kujitahidi zaidi hakubadilishi kitu. Tukimrudisha binti kwenye uhasibu ule ule, na hesabu alizozikosea msingi toka sekondari, kwa ahadi tu kwamba sasa atakaza, utauza na paini zilizobaki.

Kwa hiyo nimemuuliza maswali yale yale mawili, kwa simu, bila haraka. La kwanza amelijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wake, lilichelewa na kuna majuma alikula mara moja kwa siku, lakini anasema hata lingewahi angefeli, kwa sababu hesabu alikuwa akizikariri tu tangu kidato cha tatu. Nikamwambia anitumie matokeo yote, siyo yale mabaya tu. Stadi za maendeleo ana B+. Stadi za mawasiliano ana B+. Masomo ya kuandika na kueleza watu hayakumsumbua hata mara moja. Uhasibu, tukumbushane, tuliuchagua sisi wakubwa, sebuleni kwako, kwa sababu mhasibu anaajirika.

La pili bado anahangaika nalo, ila ameanza. Yule mama wa Mwanjelwa yuko kwenye kikundi cha wanawake kilichoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Binti ndiye aliyewaandikia andiko lao na kwenda nao kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alipokuwa ananisimulia alisahau kulia. Ameniuliza kuhusu stashahada ya maendeleo ya jamii. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii pale Uyole, na kingine Ruaha, Iringa, karibu na wewe. Kwa ufaulu wake wa kidato cha sita anaweza kuomba stashahada moja kwa moja bila kuanzia astashahada. Na huko siyo mwisho wa njia: akimaliza na wastani wa 3.0 anakuwa na sifa ya kuomba shahada tena, safari hii kwa kozi inayomfaa. Akitaka kufanya kazi huku anasoma, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa.

Deni la Bodi ya Mikopo lisisahaulike. Kusitishwa masomo hakulifuti. Baada ya miezi 24 linaanza kudaiwa, na siku akiajiriwa linakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa inafanya madeni yavimbe, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021, kwa hiyo angalau halitaongezeka likiwa limelala. Akija kutaka mkopo tena kwa ajili ya shahada, miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni imekuwa ikidai mtu alipe kwanza robo ya mkopo wa nyuma. Ni bora alijue hilo leo, aanze kulipa kidogo kidogo.

Nimeona huku mwisho wa kuficha. Kijana wa kwetu, jina nalihifadhi, alisimamishwa chuo na hakumwambia mtu, si wazazi, si ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Viza ya mwanafunzi inasimama juu ya masomo. Yakikatika, hadhi yako inakatika, na ombi la kurejeshewa unatakiwa kuliwasilisha ndani ya miezi mitano. Aliipitisha miezi yote akifanya kazi za usiku za kujificha, nyumbani wakiamini anakaribia kuhitimu. Walikuja kujua siku ya kumpokea uwanja wa ndege. Kama angemwambia baba yake mwezi wa kwanza, pengine angehamia chuo kama hiki changu kwa nusu ya gharama.

Usharika ninaosali hapa ni mmoja wa zile zinazoshirikiana na Dayosisi ya Iringa kwa mpango wa Bega kwa Bega, wewe unawajua, wamekuja mpaka kwenu. Jumapili moja baada ya ibada mzee mmoja alisema mbele ya watu wote, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba mwanawe amesimamishwa chuo na anatafuta kazi mpaka vuli. Hakuna aliyeshusha macho. Kabla kahawa haijaisha alikuwa na namba za simu za watu wawili wenye karakana. Natamani sana siku moja jambo hilo litamkwe hivyo hivyo pale usharikani Mafinga.

Na kwetu haliwezi kuwa geni. Babu alikuwa akitusimulia habari za mwaka 1966, wanafunzi zaidi ya 300 walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawafukuza, wakarudishwa makwao mikoani. Kosa lao lilikuwa la aina nyingine kabisa. Lakini walifika nyumbani, wazazi wakawaona, na wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Hata kwenye hasira ile, mtu alikuwa na mahali pa kusubiri.

Ninachokuomba ni hiki. Mpigie simu leo, umwambie apande basi. Akija aje na barua ya kusitishwa na matokeo yake yote, maana chuo chochote atakachoomba kinaweza kuyataka. Baadhi ya vyuo vya kati hupokea wanafunzi hata mwezi Machi, kwa hiyo aulize Uyole na Ruaha wiki hii hii. Wakisema nafasi hakuna, asubiri dirisha la katikati ya mwaka, na hiyo miezi aendelee na mitumba hapo Mafinga huku mnajua yuko wapi. Chumba cha Ilomba kikabidhiwe, kodi yake inakwenda bure.

Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa mimi, mwaka wa pili tutagawana na kaka. Paini zilizobaki ziache zikomae. Sharti langu ni moja tu: kozi aichague yeye, na sisi wakubwa tusikae tena sebuleni kumchagulia.

Msalimie Mama Mdogo na wadogo zangu wote.

Mwanao,
Saint Paul, Minnesota