Tope la Nyambene, Chumvi ya Mombasa

Matope ndiyo yaliyonilisha na kuwasomesha wanangu. Laare haijawahi kuyakosa. Tuko ubavuni mwa milima ya Nyambene, kwenye udongo mwekundu wa volkano, mvua ikija misimu miwili kwa mwaka, na mashamba mengi ya miraa yako kwenye miteremko ambayo lami haijaifikia. Pikapu huingia huko kuchukua mzigo, hutoka zimepakwa udongo hadi kwenye vioo vya pembeni, hukimbia Nairobi, hurudi usiku wa manane, na kesho yake ni yale yale. Nimekuwa nikiziosha tangu mwisho wa miaka ya tisini. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: gari lifanyiwe usafi mkubwa kila baada ya muda gani? Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu huanza kwa kuuliza: gari lako hulala wapi, na hubeba nini?

Nilianza na ndoo, sabuni ya unga na kitambaa cha fulana kuukuu. Tulikuwa vijana kadhaa kwenye kijito, kila mmoja na jiwe lake la kusimamia. Miraa haisubiri mtu. Ikishachumwa, baada ya saa 48 hivi huwa imenyauka na utamu wake umekwisha, kwa hiyo dereva aliyeingiza pikapu majini alikuwa keshaanza kuangalia saa. “Piga maji tuende!” ndiyo amri tuliyoizoea. Tulipiga maji. Bodi iling'aa, vioo vikawa safi, dereva akatoa sarafu zake na kuondoka, na tope la chini ya gari likaondoka naye.

Tope hilo la chini ndilo kazi yenyewe, hayo mengine ni mapambo. Udongo wetu ukikauka kwenye boneti hupukutika wenyewe, lakini ndani ya madigadi na juu ya fremu ya chesi hujipanga tabaka juu ya tabaka na kushika unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Pikapu inayolala kwenye ukungu wa Nyambene na kuamkia shambani haipati nafasi ya kukauka. Kutu huanza pale ambapo hakuna mwenye gari anayeinama kupaangalia.

Sehemu ya nyuma ya pikapu ya miraa nayo ina mambo yake. Miraa husafiri ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba na kutiwa kwenye magunia yanayonyunyiziwa maji ili isikauke njiani. Maji hayo hudondoka kwenye sakafu ya bati safari nzima, kutoka Laare hadi Maua, Meru, Embu, Thika. Watengenezaji waliacha vitundu vya kutoa maji, lakini vipande vya majani ya mgomba huviziba, maji yakasimama, na utomvu wa mgomba ukaacha madoa meusi ambayo sijapata sabuni ya kuyatoa. Milango nayo ina vitundu kama hivyo kwenye ukingo wake wa chini. Mvua ikinyesha, maji huteremka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na ni lazima yapate pa kutokea. Vumbi likigeuka tope humo ndani, mlango unahifadhi maji kama mtungi. Siku moja mwenye gari anaona rangi imefura malengelenge chini ya mlango, anaanza kuwagombeza wanaoegesha karibu naye sokoni. Mimi huchukua waya mwembamba, nikazibua, maji yakatoka meusi huku mwenyewe akitazama. Maelezo mengine hayahitajiki tena.

Ndani ya kabini pia kuna kazi. Madereva hutafuna miraa pamoja na bigijii, yaani ubani wa kutafuna, na njugu, na safari ni ya usiku. Bigijii iliyoshikana na kitambaa cha kiti haitoki kwa maji ya moto, inazidi kuyeyuka na kutambaa. Weka barafu juu yake mpaka iwe ngumu, kisha ibandue kwa upande butu wa kisu. Maganda ya njugu huvuta mende. Vumbi la barabara huingia kwenye kichujio cha hewa ya kabini, kifaa ambacho wenye magari wengi hawajui kwamba kipo mpaka feni inapoanza kutoa harufu ya pango.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliteremka Mombasa, nikapata kazi kwa mzee mmoja wa Changamwe aliyekuwa akiosha na kung'arisha magari. Nilidhani ninajua kazi. Siku ya kwanza nilimaliza gari upesi, nikasimama nikisubiri sifa. Mzee alipitisha kidole chini ya bampa, akakilamba, akaniambia, “Mwanangu, hili gari bado lina bahari.” Kule adui hana rangi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi pamoja na joto na unyevu hula chuma upesi kuliko maji matupu. Gari lililovuka kwa feri ya Likoni kila siku, au lililolala Nyali karibu na ufuo, lilikuwa linaonekana safi kuliko la Laare na huku linaoza mara mbili.

Tatizo lingine lilikuwa maji yenyewe. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi. Ukisuuza gari kwa maji hayo na kuliacha likauke juani, umeondoa chumvi ya bahari na kupaka ya kisima. Mzee alikuwa akitumia maji ya kisima kwa povu, lakini ya kusuuzia mwisho alinunua mitungi kwa wauza maji wa mikokoteni, na bei alimwongezea mteja bila kuona haya. Wateja wa kando ya bahari aliwataka waje kila wiki kusuuziwa chini ya gari, hata kama juu hapakuwa na doa, na magari yao yapakwe nta kila baada ya miezi miwili hivi. Wengi walimwona mlafi. Mimi niliyaona magari ya waliomsikiliza na ya waliomcheka yakiwa yamesimama ubavu kwa ubavu, nikajua nani alikuwa mlafi na nani alikuwa mgumu wa kichwa.

Pale bandarini nilijifunza jambo jingine. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, na mengi hutoka Japani. Sehemu za kaskazini za Japani huwa na theluji nyingi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo gari linaweza kushuka melini likiwa linang'aa, viti vinanukia upya, na fremu yake tayari ina magamba ya kutu ya baridi ambayo Mkenya hajawahi kuiona. Tangu hapo, mtu akiniletea gari jipya la mtumba, huanzia chini.

Mwenzangu mmoja wa Changamwe alikwenda Dubai kufanya kazi hiyo hiyo. Huko ni mchanga na jua, na manispaa inaweza kumtoza faini ya dirhamu 500 mtu anayeliacha gari lake chafu barabarani. Sheria hiyo ikiletwa Laare mwezi wa Novemba, mji mzima utahamia kituo cha polisi.

Niliporudi nyumbani sikurudi kijitoni. Kanuni za ubora wa maji, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, haziruhusu maji machafu kumwagwa mtoni ovyo, na kusema kweli hata bila kanuni, mama anayeteka maji chini yako hakustahili mafuta yako ya injini. Nilitengeneza sakafu ya saruji yenye mteremko, shimo la kuzuia tope na mafuta, na tangi la kukinga maji ya mvua. Nikanunua mashine ya presha. Watu hudhani mashine inamaliza maji. Ukiitumia vizuri inatumia machache kuliko mpira wa bomba ulioachwa wazi. Lakini ni silaha. Ukiielekeza kwenye rejeta kwa karibu unakunja vile vipezi vyembamba vya bati, na injini itachemka mlimani. Ukiielekeza kwenye jenereta ya gari, mteja atarudi akisukumwa.

Biashara yetu hufuata miraa. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na mji ulinyamaza. Machi 2020 ndege za kupeleka miraa Somalia zikasimamishwa, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Pikapu zilizozoea kuoshwa kila siku zilisimama chini ya miti. Wenyewe waliniambia hawana haja nami, kwani gari lisilotembea halichafuki. Sikubishana nao, maana hawakuwa na pesa. Ila gari lililosimama huchafuka vibaya kuliko linalokimbia. Kinyesi cha ndege kikiachwa juani hula rangi, utomvu wa miti hugandamana, kuvu huota kwenye viti kwa sababu ya ukungu wetu, panya hujenga kwenye kichujio cha hewa na kutafuna nyaya. Ndege ziliporudi angani, baadhi ya pikapu hizo ziliwagharimu wenyewe viti vipya na nyaya mpya kabla ya kubeba gunia moja.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaozidisha. Kijana mmoja mwenye Probox alitaka nimpigie rangi msasa wa mashine kila mwezi ili ing'ae kama kioo. Nilimkatalia. Tabaka la juu linalolinda rangi ya gari ni jembamba kuliko unywele, na kila unapong'arisha kwa mashine unaondoa kidogo. Hapa karibu na ikweta jua ni kali. Tabaka hilo likiisha, rangi hupauka na haina dawa ila kupuliziwa upya. Alikwenda kwa mwingine. Wengine nao hupuliza dizeli chini ya gari ili ling'ae jeusi. Dizeli huvuta vumbi na kulegeza bushi za mpira. Na kufuta vumbi kavu kwa kitambaa asubuhi, kama madereva wa teksi wanavyopenda, ni kulikwaruza gari kwa mkono wako mwenyewe. Mwaga maji kwanza.

Kwa hiyo kwa gari la Laare nasema hivi. Kuosha bodi na chini yake ni kila wiki wakati wa mvua, na pikapu ya miraa isilale na majani ya mgomba nyuma hata usiku mmoja. Usafi mkubwa, yaani kuzibua vitundu, kutoa viti na kapeti, kuondoa tope la fremu, kusafisha injini kwa brashi na kupaka nta, hufuata misimu: mwezi wa Juni mvua za masika zikishakatika, na Januari baada ya zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwetu ndizo nzito. Kufanya katikati ya mvua ni kutupa pesa. Pikapu ya miraa ifanyiwe mara mbili ya hapo. Gari la mwalimu linalokwenda shule na kanisani kwa lami, mara moja kwa mwaka inatosha, na simfichi mwalimu hilo ingawa ni hasara kwangu. Kung'arisha kwa mashine kusizidi mara moja kwa miaka miwili. Anayehamia Mombasa asahau ratiba hii.

Na wewe unayepanga kununua pikapu iliyowahi kubeba miraa, usije jioni, na usije gari likiwa limetoka kuoshwa. Njoo na tochi na bisibisi. Lala chini, tafuta pale springi za nyuma zinaposhika fremu, gonga, kisha sukuma bisibisi. Ikigoma, zungumza bei. Ikizama, rudi nyumbani na pesa zako.