Uwasii wa Mwili: Barua kwa Mpwa Aliyeanguka Mnazini

Mkunazini, Mji Mkongwe, Unguja

Kwa mpwa wangu mpenzi, aliyeko Donge.



Khabari zako hutufikia kwa mamako, ambaye kila ajapo hutueleza kwa furaha namna unavyojiinua mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kigari, kisha huinamisha uso na kusema kuwa siku hizi huzungumzi na mtu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Wajua kuwa mimi nami nilianguka mkarafuuni kabla mamako hajaolewa, na tangu ulipopata akili hujapata kuniona ila nimekaa juu ya kigari. Basi pokea maneno haya kwa mtu aliyeipita njia hiyo na ambaye bado yumo ndani yake.

Kwanza yakupasa kuijua hakika ya kilichokupata. Uti wa mgongo umepangwa kwa pingili, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno kabla ya kufika nyongani, na ndani yake hupita ugwe wa mishipa ya fahamu, ambao huchukua amri za ubongo kuzipeleka viungoni na kurudisha ubongoni khabari za joto, baridi, maumivu na haja. Mshipa wa fahamu wa mkononi ukikatika huweza kuota tena polepole, lakini ugwe huu ukidhurika hauoti, na mpaka leo hajatokea tabibu, wa kwetu wala wa ng'ambo, aliyepata dawa ya kuuunga. Kwa yule ambaye ugwe wake haukukatika wote, nguvu fulani huweza kurejea, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa ajili hiyo mazoezi ya viungo usiyaache hata siku moja. Ila anayekuja kwenu na ahadi ya kukusimamisha kabla ya mwezi kuandama, akadai mbuzi na fedha, mpe kahawa, umshukuru, umwache aende zake.

Sasa sikiliza lililo kubwa katika barua hii. Nusu ya mwili wako imekoma kujisemea: haitakwambia kuwa imeungua, wala kuwa imebanwa, wala kuwa kibofu kimejaa. Ihesabu basi kama yatima aliyewekwa chini ya uwasii wako, asiyeweza kudai haki yake, ambaye wasii mwadilifu humchunguza asubuhi na jioni bila ya kungoja alie. Wengi katika sisi hawakuuawa na kuanguka kwenyewe, waliuawa na vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo yaliyofuata, na haya mawili hukingika, kwa idhini ya Mola, na mtu mwenye ada iliyo imara.

Ngozi ndiyo mlango wa kwanza wa balaa. Ulalapo, ugeuzwe kila baada ya saa mbili. Ukaapo, ujinyanyue kwa mikono au uegemee upande kila robo au nusu saa ili damu ipite. Na kila siku shika kioo utazame matako, visigino na vifundo, na penye wekundu usiotoka usipakalie tena mpaka ngozi irejee kama ilivyokuwa. Najua watu wa kwetu hupenda kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto na kumfukiza, nao hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini maji ambayo mwenye hisia angeyakimbia wewe utayavumilia kwa kutokuyasikia, na kidonda cha moto katika mguu usio na hisia huchukua miezi kupona. Waambie kwa adabu kuwa tabibu amekataza. Na mabega yako uyahifadhi, kwani sasa yanafanya kazi yao na ya miguu pia, na bega likichakaa hakuna jingine la kushika mahali pake.

Mlango wa pili ni mkojo na choo, mambo ambayo vijana huyaonea haya hadi yakawadhuru. Mkojo ukikaa kibofuni huoza, hurudi nyuma na kuziharibu figo. Kwa hiyo ukishafundishwa kuutoa mwenyewe kwa mpira wa mkojo, utoe kila baada ya saa nne hadi sita, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, wala usipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa kulowa mbele ya watu. Choo nacho ukiwekee wakati mmoja usiobadilika, nacho kitazoea. Ukiona homa, au mkojo mzito wenye harufu, au miguu inayokakamaa kuliko desturi yake, usingoje kesho, nenda hospitali, kwa kuwa mara nyingi mikazo hiyo ndiyo lugha pekee iliyobaki kwa mwili kukwambia kuwa pana dhara.

Na usidhani kuwa kwa hali hii umetengwa na ibada. Sharia imeiangalia tangu zamani: asiyeweza kusimama husali amekaa, na asiyeweza kukaa husali amelala ubavu, na ambaye mkojo haumkatiki, katika madhehebu yetu ya Shafi, hujisafisha, hujifunga, hutia udhu baada ya wakati kuingia, kisha husali bila ya kukawia, na sala yake ni sahihi. Kuhusu Ramadhani, muulize tabibu kwanza, kwa kuwa figo zako zahitaji maji. Akikukataza, na maradhi yako ni ya kudumu, basi toa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku, ule mchana na moyo mweupe.

Tena jua kuwa elimu hii haikupatikana kwa urahisi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza askari waliovunjika uti wa mgongo walifishwa wengi na vidonda na mkojo, na matabibu wakawahesabu kuwa ni watu wa kungojewa mauti. Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville, Uingereza, tabibu mmoja Myahudi aliyekimbia Ujerumani, Ludwig Guttmann, alikataa hukumu hiyo, akaamuru wagonjwa wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, akawapa kazi za mikono na michezo. Na tarehe 29 Julai 1948 wanajeshi wa zamani 16 walioketi vigarini walishindana kwa upinde katika bustani ya hospitali hiyo, na katika mbegu hiyo ndimo yalimotoka mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu. Kilichowaokoa ni utaratibu, na utaratibu hata Donge hupatikana.

Mji wetu huu, na vichochoro vyake na vizingiti vyake virefu, haukujengwa kwa ajili ya magurudumu, nami sitakuficha hilo. Lakini Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar umekuwapo tangu 1985, sheria ya haki na fursa zetu ilitungwa hapa mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Basi njia iliyofungwa ni haki yako kuidai ifunguliwe, wala kudai huko si utovu wa adabu. Jiandikishe katika Umoja huo wa Zanzibar. Chukua sindano ujifunze kushona kofia za viua, kazi isiyotaka miguu na yenye heshima mjini na shamba, upate riziki kwa jasho lako. Rudi barazani baada ya alasiri, na takia nene chini yako, usikie khabari za watu na wao wasikie zako. Na khabari za ndoa usizifunge moyoni. Muulize tabibu waziwazi, kwani wako wenzetu walioanguka kisha wakaoa na wakazaa.

Huzuni itakujia, na maumivu ya kuungua katika miguu isiyohisi kitu yatakuamsha usiku. Hayo ni kweli wala si udhaifu wa imani kuyataja. Nakusihi uyataje kwa mamako, kwa tabibu, au kwangu mimi, maana subira niijuayo ni kazi ya kila siku, na mtu haifanyi peke yake. Leo kabla ya kulala shika kioo, utazame ngozi yako, kisha uniletee majibu ya barua hii kwa mkono wako mwenyewe.

Wassalaam,
Mjomba wako akupendaye.