Mgeni Aanze Ngazi ya Ngapi?

Wazazi wenzangu mlioko ughaibuni, kama mna watoto wa umri wa shule, huenda mmeshaona dadu zenye pande 20 zikibiringika mezani kwenu. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa hapa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anabuni mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi au mponyaji. Mmoja huwa msimulizi, anayeeleza pango lina nini na joka limelala wapi. Kwetu Silver Spring, Maryland, msimulizi ni mimi, Jumapili ambazo sina zamu.

Mhusika hupanda ngazi kuanzia 1 hadi 20. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2014, anahitaji alama 300 za uzoefu kufika ngazi ya 2, alama 900 kufika ya 3, na 2,700 kufika ya 4. Alama nyingi hutokana na kuwashinda maadui. Goblini mmoja, yule zimwi mdogo, ana alama 50, na kundi zima hugawana. Kanuni hizohizo zinamruhusu msimulizi kuachana na hesabu na kuwapandisha watu pale hadithi inapofika mahali fulani. Ndiyo maana meza nyingi zina kanuni zao za nyumbani. Na jambo hili si dogo, kwa sababu kanuni ya kupanda ngazi ndiyo inayowaambia watoto nini kinahesabika kuwa ni kukua.

Sisi tulilazimika kuandika zetu mtoto wa kaka yangu alipokuja kutoka Morogoro kuishi nasi. Ana miaka 13. Wanangu wawili, waliozaliwa hapa, walikuwa wameshafika ngazi ya 4 baada ya miezi mingi ya kucheza. Mgeni akamchora mponyaji wake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, mimi naanza ya ngapi?"

Mwanangu wa kiume akaniwahi kujibu: "Moja. Kila mtu alianza moja."

Swali lile lilinigusa. Shuleni wakati huo mgeni wetu alikuwa akirudishiwa hesabu alizozimaliza nyumbani, kwa kuwa Kiingereza chake bado kilikuwa kizito. Nami nilipofika nchi hii nilikuwa na stashahada ya uuguzi na miaka mitatu ya wodi ya wazazi. Kabla sijafaulu mtihani wa leseni na kusomea shahada, kazi niliyopata ilikuwa kuogesha wazee na kubadilisha mashuka. Siidharau kazi hiyo. Lakini mikono hii ilijua kuzalisha, na hakuna fomu iliyouliza.

Nikasema, "Aanze ya 4. Uzoefu hauyeyuki uwanja wa ndege."

"Mama, sisi tumetoka jasho," mwanangu akalalamika. "Yeye apewe bure?"

Na yeye alikuwa na ukweli wake. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alichapisha kitabu kinachoeleza hatua 5 za muuguzi, kuanzia anayeanza hadi bingwa. Anasema kwamba hata muuguzi mzoefu, akipelekwa kwa wagonjwa wa aina asiyowahi kuihudumia, anaweza kurudi hatua ya mwanzo. Nimeyaishi hayo. Mshipa wa mgonjwa niliupata bila shida, lakini pampu ya dawa ilihitaji mtu wa kunionyesha.

Basi tukakaa wote wanne, tukaandika karatasi ambayo iko kwenye mlango wa friji mpaka leo. Mgeni anaanza ngazi sawa na wenzake. Lakini uwezo wake mmoja unafungwa, mpaka mwenyeji amfundishe namna unavyotumika katika nchi ile ya hadithi, na somo hilo lichezwe, lisitangazwe tu. Uwezo ukifunguka, mwalimu na mwanafunzi wanapata alama sawa. Na anayemponya mwenzake, au anayepatana na adui bila vita, anapata alama zilezile ambazo angepata kwa kuua.

Jumapili ya tatu kundi lilikwama mbele ya jitu lililolinda daraja. Jitu likasema, "Kitendawili!" Wanangu wakatazamana. Mgeni akajibu, "Tega!" Lilipotega, hata yeye hakulijua jibu, ila alijua la kufanya: akaliuliza linataka mji gani. Wanangu hawakuwahi kusikia kwamba anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Ikabidi mchezo usimame awafundishe. Wakalipa mji, wakapewa jibu, wakavuka bila kuchomoa upanga.

Hapo mwanangu, kwa Kiswahili chake cha Maryland, akasema karatasi ya friji haijakamilika. Wenyeji nao wafungiwe uwezo mmoja, ambao mgeni tu ndiye anaweza kuufungua. Tukaiongeza kanuni hiyo kwa mwandiko wake.

Wiki iliyofuata nilitoka zamu ya usiku nikapitia shuleni, nikiwa na madaftari ya hesabu ambayo binamu yake alikuja nayo kutoka Morogoro. Niliomba apimwe upya. Wamekubali, na mtihani ni Alhamisi hii. Jana usiku niliwakuta wote watatu mezani, dadu zimewekwa kando. Mgeni alikuwa akiwaeleza wenzake aljebra, na mwanangu akimsahihisha maneno ya Kiingereza.