Kumhoji Afisa Ustawi Aliye Upande Wako

Katika mashauri ya malezi ya watoto nchini Tanzania, shahidi mtaalamu aliyezoeleka ni afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, kila inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, lakini haifungwi na ushauri huo.

Wanaokumbuka mahakama za miaka ya 1990 wanakumbuka mahojiano mafupi. Ripoti ikimpendelea mteja, wakili alimwomba afisa asome hitimisho, akaketi. Mwingine alimtilia shahidi maneno mdomoni: "Kwa hiyo mama ndiye anayefaa?" Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haimruhusu aliyemwita shahidi kuuliza swali linaloashiria jibu, upande wa pili ukilipinga, ila kwa ruhusa ya mahakama. Kisha likaja dodoso. Ulifika kwa baba? Ulizungumza na mtoto peke yake? Afisa akibabaika, ripoti nzima ilipwaya, pamoja na yale ya kweli yaliyokuwamo, na aliyeumia ni mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitanguliza maslahi ya mtoto na kuiwezesha mahakama kuagiza uchunguzi wa kijamii ufanywe na afisa huyo. Uzito ukahama kutoka hitimisho kwenda kwenye njia iliyolifikia. Wakili makini sasa huanza na mafunzo na uzoefu wa shahidi, halafu kazi yenyewe: alikwenda wapi, alimkuta mtoto na nani, mwalimu alimweleza nini. Maoni huja mwisho, na sababu zake.

Pengo hutajwa mapema. Kama afisa hakumwona baba kwa kuwa amehamia mkoa mwingine, ni heri hakimu alisikie hilo kwa wakili aliyemwita. Wakili wa baba ana kazi kubwa zaidi mtoto akiwa chini ya miaka 7, kwa kuwa sheria ya 1971 huanza na dhana kwamba akae na mama. Dhana hiyo hukanushika, ila kwa mambo mahususi aliyoyashuhudia mtaalamu. Sifa za jumla hazitoshi.

Baada ya dodoso, wakili hurudi na maswali ya ufafanuzi, yanayohusu yaliyoibuka kwenye dodoso tu. Jambo jipya huhitaji ruhusa ya mahakama, na likiruhusiwa, upande wa pili nao hupewa nafasi ya kulidodosa.