Mbale, chini ya Wanale

Nilivuka mpaka wa Malaba asubuhi, mwili umechoshwa na basi kutoka Mombasa. Mshangao wa kwanza ulinikuta mezani: chai na chapati zilitajwa kwa maelfu! Nilishtuka, kisha nikakumbuka kwamba shilingi yetu moja hununua zaidi ya ishirini za Uganda. Nikalipa kama tajiri.

Matatu, ambayo huku huitwa teksi, ilitupitisha Tororo, karibu na mwamba mkubwa uliochomoza peke yake katikati ya tambarare. Kutoka hapo barabara ilishika kaskazini, na Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, ukazidi kutanda mbele yetu. Mbale umekaa miguuni pake, na genge la Wanale limeuinamia mji. Mimi niliyezoea upeo wa bahari nilitembea shingo imepinda, hata boda ikanikosakosa.

Usiku dada yangu, mwenyeji wangu hapo Mbale, alinipakulia malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Mwanzi mimi naujua wa kujengea. Kuula sikuwahi kuota. Nilionja kwa hofu, nikaomba nyongeza.

Asubuhi tulikwenda dukani kwake, anakochapa barua na kutoa nakala. Kompyuta, aliyoinunua ikiwa imetumika, iligoma. Kioo kilikuwa cheusi, na maneno mawili tu yalisubiri: grub rescue. Mpwa wangu alijitetea: jana aliingia Windows, akaona partisheni ya Linux imekula nafasi bure, akaifuta.

Fundi alifika kwa boda, msichana mwenye flashi shingoni. Nilitarajia aseme diski imekufa, kama nilivyozoea kusikia kwetu. Yeye alicheka.

“Diski ni nzima, kaka. Mwenye mashine wa kwanza ameondoka, bawabu wake amebaki. Anawapeleka wageni kwenye nyumba iliyobomolewa.”

Akanichorea kwenye karatasi. Sekta ya kwanza ya diski ile ina baiti 512: 446 za mwanzo ni kodi, yaani maagizo, ya kuwashia mashine, 64 ni orodha ya partisheni, nafasi nne tu, na mbili za mwisho ni alama. Kufuta partisheni hubadilisha orodha, kodi haiguswi. Kwa hiyo kodi ya Linux iliamka kila mara, ikatafuta mafaili yake mengine kwenye partisheni iliyofutwa, ikakwama. Hata Windows, iliyokuwa salama kando yake, haikufikiwa.

Aliiwasha mashine kwa flashi ya Windows, akaandika amri fupi: bootrec /fixmbr. Kodi mpya ikaandikwa juu ya ile ya zamani, orodha ikabaki kama ilivyokuwa. Windows ikafunguka, na barua za wateja wa dada zote zipo. Nilipiga makofi peke yangu. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuhudumia foleni.

“Na mafaili ya yule mwenye mashine wa kwanza?” nikauliza.

“Mengi bado yamo,” fundi akajibu. “Kufuta partisheni si kusafisha diski.”

Mombasa nina kompyuta kuukuu niliyokusudia kuiuza, nikijivunia kwamba nimeshafuta kila kitu. Jioni ile nilimpigia simu mke wangu: mnunuzi akija, asubiri nirudi.